Nani Alipe Gharama ya Barafu?

Katika magulio ya Kisarawe, kuanzia Maneromango hata Marui na Mzenga, samaki aliyetoka Dar es Salaam akiwa amelazwa katika barafu huuzwa kwa bei ile ile ya samaki aliyetoka huko akiwa amefunikwa kwa gunia lililoloweshwa maji. Mnunuzi humtazama jicho, humfunua shavu, humnusa, kisha hutaja bei yake. Na ikiwa samaki huyo amekwisha kukaangwa, basi hata hilo jicho na hilo shavu havisemi tena neno lolote. Mchuuzi aliyenunua barafu kwa fedha yake hana njia ya kuirudisha fedha hiyo kutoka kwa mteja, ilhali mwenzake asiyenunua barafu huondoka gulioni na faida kubwa zaidi. Safari ya pili mchuuzi yule mwema naye huiacha barafu. Hakufanya hivyo kwa ubaya wa moyo. Amepiga hesabu tu, na hesabu yake ni sahihi.

Ndugu msomaji, hapo ndipo lilipo shina la jambo ambalo safu hii inataka kulizungumza leo. Watu wengi, na baadhi yao ni watendaji wenye dhamana, huamini kwamba usalama wa nyama na samaki ni suala la usafi na tabia njema peke yake: mwenye bucha akioga, akavaa koti jeupe, akaosha gogo lake la kukatia nyama, mambo yamekwisha. La hasha. Chakula salama kina gharama, na gharama hiyo haifutiki kwa kupiga chapa tangazo au kwa kutunga sheria ndogo. Lazima iwe juu ya kichwa cha mtu fulani. Sheria isiyosema ni nani atakayeibeba huiangusha juu ya yule aliye chini kuliko wote, naye huyo, kwa kuwa hawezi kuibeba, huikwepa; na mwisho wake inamfikia mlaji kwa njia ya maradhi.

Tuutazame mfano mdogo kwanza. Dagaa walioanikwa juu ya mchanga hushika mchanga, na mlaji huujua mchanga huo kwa jino lake siku ile ile. Kwa sababu hiyo dagaa walioanikwa juu ya chanja hupata bei nzuri zaidi, na wale wa mchangani wengi wao huishia katika chakula cha kuku. Hapa haikuhitajika faini ili mwanikaji ajenge chanja. Soko lenyewe lilimfundisha. Lakini kidudu cha maradhi si mchanga. Hakisagiki katika jino, hakina harufu kila mara, wala hakina rangi. Ubora unaoonekana hujilipia wenyewe, na ubora usioonekana hauna wa kuulipia mpaka atokee mtu wa tatu kati ya muuzaji na mnunuzi, mwenye elimu na mamlaka, aseme: hiki kinafaa na hiki hakifai. Mtu huyo ndiye Bwana Afya, ndiye Bwana Samaki, ndiye Afisa Mifugo. Wachumi wameandika vitabu vingi juu ya biashara ambayo muuzaji anajua asilolijua mnunuzi, nao wamekubaliana kwamba katika biashara ya namna hiyo kitu kibaya hukifukuza kitu kizuri sokoni. Mama yeyote aliyepata kuuza samaki Feri angeliweza kuwaambia hayo bila ya kitabu.

Wala mtu asidhani kwamba moto hutakasa kila kitu. Jodari na vibua, wakikaa juani kwa saa chache baada ya kuvuliwa, hutengenezeka ndani ya nyama yao sumu iitwayo histamini. Aliyeila huwashwa mwili, huvimba na kuwa mwekundu usoni, kichwa humgonga na tumbo humsokota. Sumu hiyo ikisha kuingia haiondolewi kwa kukaanga, wala kwa kuchemsha, wala kwa kugandisha. Kwa hiyo barafu ya jioni haiwezi kusahihisha jua la asubuhi. Barafu inatakiwa iwemo chomboni wakati samaki anatolewa katika mshipi, na hapo mwenye chombo ni mvuvi wa ngalawa ambaye mara nyingi ameondoka pwani akiwa na deni la tajiri wake, la petroli au la nyavu. Tukimwambia na barafu ainunue yeye, tunajua kabisa jibu litakalotoka.

Sasa na tugeukie mfano mkubwa ambao nchi zetu zilifundishwa kwa bakora. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 viwanda vya minofu ya sangara vilistawi kuzunguka Ziwa Viktoria, katika nchi zote tatu, na minofu hiyo ikawa inapanda ndege kwenda Ulaya. Mwishoni mwa mwaka 1996 Hispania na Italia zilidai kuona vidudu vya salmonela katika shehena zilizotoka ziwani, na mwaka 1997 kila shehena ikawa lazima ipimwe. Jambo hilo halijapoa, kipindupindu kikaenea katika Afrika Mashariki, na mwanzoni mwa mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ukaufunga mlango kwa samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji. Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo yalisema wazi kwamba hatari ya mtu wa Ulaya kupata kipindupindu kwa njia ya samaki wa biashara ni ndogo mno. Zuio hilo liliondolewa katikati ya mwaka ule ule. Kisha, Machi na Aprili ya mwaka 1999, likaja pigo la tatu lililo zito kuliko yote. Ilidhihirika kwamba wako watu wanaotia ziwani sumu ya kuulia wadudu wa mashamba ili kuvuna samaki kwa urahisi. Uganda yenyewe ilisimamisha kusafirisha samaki wake, na muda si muda Ulaya ikafunga mlango kwa nchi zote tatu.

Msomaji azingatie hesabu ya jambo hili. Waliotia sumu walikuwa wachache. Walioadhibiwa ni ziwa zima. Mvuvi wa Ukerewe ambaye hajapata kuishika chupa ya sumu hiyo mkononi mwake alikuta bei ya sangara imeanguka mwaloni, na kijana aliyekuwa akikata minofu kiwandani Mwanza aliambiwa abaki nyumbani. Mnunuzi wa Ulaya hakuwa na njia ya kumjua mwema na mwovu. Aliona jina la nchi juu ya sanduku, na jina hilo likawa limechafuka. Ndiyo kusema kwamba jina jema la samaki wa nchi ni mali ya wote, kama kisima cha kijiji, na mali ya wote haiwezi kulindwa na mtu mmoja mmoja kwa fedha ya mfukoni mwake. Hili ni hoja ya uchumi tupu, ingawa sisi tuliopitia semina za Chama tulizoea kuiita hoja ya ujamaa.

Mlango ulifunguliwa tena kwa zamu: Tanzania mwanzoni mwa mwaka 2000, Uganda katikati yake, na Kenya mwishoni mwake. Haukufunguliwa kwa maombi. Katika nchi hizi madaraka ya kukagua samaki yalikuwa yametawanyika katika ofisi mbalimbali, na Ulaya ilitaka mamlaka moja ya kuulizwa. Kwetu yakawekwa mikononi mwa Idara ya Uvuvi. Sampuli za samaki, maji na udongo zilipelekwa kupimwa nje kwa sababu sumu za namna ile hazikuweza kupimwa hapa kwa kiwango kilichokubalika. Baadaye maabara ya samaki ya Nyegezi, Mwanza, ikaimarishwa. Viwanda vililazimika kufuata utaratibu wa kutafuta mahali hatari inapoweza kuingia na kuizuia hapo hapo, badala ya kungoja kumpima samaki mwishoni. (Utaratibu huo ulibuniwa Marekani tangu miaka ya 1960 kwa ajili ya chakula cha wasafiri wa anga za juu. Ulianzia kwa waendao mwezini, ukatua kwa wakataji wa minofu wa Mwanza.) Vyombo vya kukusanya samaki vikawekewa masanduku ya barafu, na mialo kadhaa ikapewa sakafu ya saruji, maji safi na uzio, mingine kwa fedha za Ulaya hiyo hiyo iliyokuwa imefunga mlango.

Jambo ninalotaka liwakae watendaji wetu ni hili: barafu ilipatikana. Ilifika hata visiwani katikati ya ziwa, mahali ambapo hapakuwa na umeme wala barabara, kwa sababu alikuwako mnunuzi aliyesema kwamba bila barafu hanunui. Kwa hiyo yule anayesimama jukwaani na kusema kwamba nchi yetu haina uwezo wa kuwapatia wavuvi barafu hana budi aeleze ni kwa nini uwezo huo ulionekana samaki alipokuwa anakwenda Ulaya, na hauonekani samaki anapokwenda Manzese au Marui.

Na huko Mwanza mnofu ulipopanda ndege, kilichobaki kwa mwananchi kilikuwa kichwa na mifupa, yaani mapanki. Filamu moja ya mwaka 2004 juu ya biashara ya sangara ilizusha hasira kubwa nchini, hasa kwa namna ilivyoyaonyesha mapanki hayo, na wapo waliosema kwamba nchi imesingiziwa. Safu hii haina haja ya kuufufua ugomvi ule. Lililo wazi ni kwamba mnofu ulikuwa na maabara yake, mkaguzi wake na cheti chake, na panki halikuwa na hata kimoja, ingawa vyote viwili vimetoka katika samaki mmoja. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni za ubora zilizofuata hazikumsahau mlaji wa ndani katika maandishi. Alisahauliwa katika bajeti.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya nchi maskini. Hata Marekani ilipitia njia hiyo. Kati ya mwaka 1879 na 1881 Italia, Ujerumani na Ufaransa zilianza kukataa nyama ya nguruwe ya Marekani kwa hofu ya minyoo, na serikali ya nchi ile ikaanza kukagua nyama ya kwenda nje kabla ya kuangalia kwa makini ile ya watu wake. Mwaka 1906 mwandishi Upton Sinclair alichapisha riwaya juu ya viwanda vya nyama vya Chicago, akikusudia watu wawahurumie wafanyakazi. Wasomaji wakayahurumia matumbo yao. Sheria ya ukaguzi wa nyama ikatiwa sahihi na Rais Theodore Roosevelt tarehe 30 Juni mwaka ule ule. Mvutano mkubwa bungeni ulikuwa juu ya fedha: wengine walitaka wenye viwanda watozwe ada kwa kila mnyama, na wenye viwanda wakapigana hazina ya serikali ilipe. Wakashinda, likatengwa fungu la dola milioni 3 kwa mwaka. Wakubwa wale hawakuichukia sheria kama walivyojifanya, maana muhuri wa serikali uliwarudishia wateja wa ng'ambo bila ya wao kuulipia, na masharti mapya yaliwaelemea zaidi washindani wao wadogo. Kanuni moja ya majengo na mabomba ya maji, ikigawanywa juu ya ng'ombe 1,000, ni senti chache kwa kila mnyama. Ikigawanywa juu ya ng'ombe wawili wa bucha la kijijini, ni kufilisika.

Hapo tunafika nyumbani, kwenye nyama. Mkoa wetu wa Pwani uko katika njia ya ng'ombe waendao Dar es Salaam. Wanatoka Shinyanga, Singida na Dodoma, wanafika mnada wa Pugu, na wengi wanaishia Vingunguti, ambako machinjio mapya yamejengwa katika miaka ya karibuni. Vijiji vyetu vya ndani havina Vingunguti. Mnyama huchinjwa chini ya mwembe, juu ya majani ya mgomba, na Afisa Mifugo mmoja ana vijiji kadhaa vya kuzungukia kwa pikipiki ambayo petroli yake haina uhakika. Sisi tuliosoma chuoni kwa walimu wetu kabla ya kwenda shule ya serikali tulifundishwa masharti ya kuchinja, nayo ni masharti ya haki. Lakini kisu cha mchinjaji, hata kikiwa kikali namna gani na jina la Mungu likiwa limetajwa juu yake, hakioni tegu ndani ya msuli wala kifua kikuu ndani ya pafu. Uhalali wa nyama ni jambo moja na ukaguzi wake ni jambo la pili, na mlaji anastahili yote mawili.

Kuna kasoro moja katika utaratibu wetu ambayo haitajwi sana, nayo ndiyo inayoharibu mengine yote. Mwenye bucha wa kijijini hununua ng'ombe mmoja kwa mtaji wake wote, na pengine nusu ya mtaji huo ni wa kukopa. Mkaguzi akikuta mnyama ana ugonjwa, nyama inazikwa au kuchomwa moto, na mwenye bucha anakwenda nyumbani mikono mitupu. Mkaguzi ametimiza wajibu wake, na walaji wameokoka. Lakini hasara ya wokovu wao imebebwa na mtu mmoja. Je, mtu huyo, na wenzake waliomwona, watamwita mkaguzi safari ijayo? Watachinja usiku. Watachinja porini, alfajiri nyama iko buchani imekwisha kukatwa vipande, na mkaguzi atakuta hana cha kukagua ila mizani. Tunawaita watu hao wahujumu, na kwa maana fulani ndivyo walivyo, ila tumewaandalia njia ya uhujumu sisi wenyewe. Mfuko mdogo wa halmashauri, ambao kila anayechinja huuchangia kidogo kwa kila mnyama na ambao humlipa sehemu ya hasara yule ambaye mnyama wake amekataliwa, ungegeuza hesabu hiyo. Mwenye bucha angemwita mkaguzi kwa sababu mkaguzi ndiye angekuwa ufunguo wa kulipwa. Faini iachiwe yule aliyejificha ilhali mfuko upo.

Hasara ya kutokuwa na ukaguzi unaoaminika tuliionja mwaka 2007. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotokea kwanza Kenya mwishoni mwa mwaka 2006, iliingia nchini mwetu na kuua zaidi ya watu 100. Virusi vyake huwapata zaidi wale wanaoshika damu na viungo vya mnyama mgonjwa, yaani wafugaji na wachinjaji, na nyama iliyopikwa ikaiva haina tatizo hilo. Lakini mwananchi wa Dar es Salaam hakuwa na muhuri wa kuutegemea, kwa hiyo alifanya lililokuwa katika uwezo wake: aliacha nyama ya ng'ombe. Mabucha yalikosa wateja na bei ya kuku ikapanda. Mfugaji aliyekuwa na ng'ombe wazima, mbali kabisa na ugonjwa, alipata hasara sawa na yule mwenye ng'ombe wagonjwa. Ni hadithi ile ile ya sangara, safari hii mnunuzi akiwa ni sisi wenyewe.

Hata kiwanda cha Tanganyika Packers pale Kawe, kilichoanzishwa katika miaka ya 1940 na kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kina somo katika habari hii. Ugonjwa wa miguu na midomo umeizuia nyama yetu mbichi kuingia katika masoko mengi ya ng'ambo, lakini joto la kupikia nyama ya kopo huviua virusi vya ugonjwa huo. Ndiyo maana nyama ya kopo ya Kawe iliweza kuvuka bahari. Kiwanda kilipokufa, tulipoteza ajira, na pamoja na ajira tulipoteza njia ya kulizunguka sharti ambalo hatuwezi kulitimiza kwa mifugo inayochungwa na kuhama. Bodi ya Nyama iliundwa chini ya Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006, na viwanda vipya vimejengwa mkoani kwetu na kwingineko. Kopo la Kawe halijapata mrithi wa kadiri yake.

Sasa tuvuke maji, maana Mkoa wa Pwani si bara peke yake, na ndugu zetu wa Mafia wanaisoma safu hii. Huko hesabu ya barafu ni kali kupita ya Kisarawe, kwa sababu kati ya diko la Kilindoni na soko kuna mkondo wa bahari, safari ya Nyamisati, kisha barabara. Na huko pia iko minyororo miwili. Pweza anayetakiwa Ulaya hupokewa ufukweni na wanunuzi wenye masanduku ya barafu, hupimwa, huandikwa, hugandishwa. Wanawake wanaochokoa pweza mwambani maji yanapotoka wanajua kwa hakika tofauti ya bei kati ya pweza aliyewahi barafu na aliyechelewa. Samaki wa mchuzi wa kisiwani hana mpokeaji wa namna hiyo. Akizidi kuliwa siku ile, hupigwa chumvi akawa ng'onda, au hukaangwa. Simdharau ng'onda hata kidogo. Chumvi na jua ni utaratibu wa usalama wa chakula uliobuniwa na babu zetu, na mkaguzi mwenye busara angeanza kwa kuuliza ng'onda anaanikwa wapi na anakingwaje na nzi, kabla ya kudai mashine ya kugandishia ambayo itaharibika mwaka wa pili.

Tena visiwani ipo hatari ambayo barafu haifui dafu mbele yake. Katika Kisiwa Panza, Pemba, watu saba walikufa mnamo Novemba 2021 baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024, kisiwa kile kile, wakafa tisa, wanane kati yao watoto, na wengine 78 wakapelekwa hospitali. Sumu ya kasa haiondolewi kwa kupikwa, na hakuna jicho linaloweza kumtambua kasa mwenye sumu na asiye nayo, kwa kuwa kasa huyo huyo huliwa mara nyingi bila madhara hadi siku inapotokea. Kumvua kasa kumekatazwa muda mrefu, lakini makatazo hayo yalielezwa kwa wananchi kama jambo la kuhifadhi viumbe vya bahari na kuwapendeza wageni. Mvuvi maskini akasikia kwamba kasa analindwa dhidi yake, wala hakusikia kwamba yeye na watoto wake wanalindwa dhidi ya kasa. Zanzibar ina mamlaka yake ya chakula na haihitaji kufundishwa na mwandishi wa bara. Naandika haya kwa sababu wavuvi wa Mafia na wa Pemba wanatembeleana, dago moja linawakusanya, na tonge la nyama ya kasa halina pasipoti. Kutangaza jambo hili kwa njia ya redio na misikitini kabla ya msimu wa dago ndiko ukaguzi wa bei nafuu kuliko wote.

Nirudi kwa watendaji. Mwaka 2018 serikali yenyewe ilitoa mpango wa kurekebisha mifumo ya udhibiti wa biashara, ikakiri kwamba mamlaka zinagongana na tozo zimerundikana juu ya mfanyabiashara mmoja. Mwaka 2019 kazi ya usalama wa chakula ikahamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa kwenda Shirika la Viwango. Hayo ni mazuri, lakini kupunguza idadi ya milango ya kulipia si sawa na kuamua fedha inakwenda wapi. Mvuvi hutozwa leseni, chombo chake husajiliwa, samaki wake hutozwa ushuru dikoni, na mchuuzi hutozwa tena gulioni. Mwenye bucha naye hulipia leseni, machinjio na ukaguzi. Ukimwuliza yeyote kati ya hao amepata nini kwa fedha hiyo, atakuonyesha stakabadhi. Stakabadhi haimgandishi samaki.

Ningependa kuona ushuru wa diko ukijenga barafu ya diko, na ada ya machinjio ikimwaga sakafu ya zege, ikivuta maji na kumtilia mkaguzi petroli, kabla ya senti moja kupelekwa kwenye posho za vikao. Ningependa pia masharti yapimwe kwa kimo cha anayetakiwa kuyatimiza: kiwanda cha kupeleka nyama nje kidaiwe yote, na bucha la Marui lidaiwe maji, waya wa nzi, kisu safi na muhuri, basi. Anayedai vigae vya ukutani katika kijiji kisicho na bomba hapati vigae. Anachopata ni bahasha, au bucha la kificho.

Wapo wanaohofu kwamba nikisema hivyo nawapandishia wananchi bei ya kitoweo. Hofu hiyo ni ya haki, maana maskini aliyepandishiwa bei ya samaki salama anaweza kuhamia kwenye kitu kibaya zaidi, au akakosa kabisa. Ndiyo sababu nasema barafu ya kwanza iwe ya umma. Serikali haimwuzii mtoto chanjo ya surua kwa sababu surua ya mtoto mmoja ni ya kijiji kizima. Nimeonyesha kwamba samaki mmoja mwenye sumu alilifunga ziwa zima.

Madiwani wa Mafia, wa Kisarawe na wa Kibaha hukaa kila mwaka kupitisha makisio kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai mosi. Katika upande wa mapato ya makisio hayo, ushuru wa samaki na ada ya mifugo huwa vimeandikwa kwa tarakimu zilizo wazi. Wananchi wana haki ya kuufungua ukurasa wa matumizi na kutafuta mstari ulioandikwa barafu, na mstari ulioandikwa fidia ya mnyama aliyekataliwa. Vikao vya baraza la madiwani ni vya hadhara, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia akaketi akasikiliza.